Fundi nguo niliyetaka kumfundisha daktari kukata tumbo

Wakuu, habari za huko mliko.

Mi ni fundi nguo, mzaliwa wa Bukavu, kwa hiyo Kiswahili yangu mtaivumilia. Hii ilinipata mi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Anayebisha aje Area 36 hapa Lilongwe aulize fundi mnene. Ataletwa mpaka mlangoni, na hatanitambua.

Ilikuwa miaka ya 2010 na kitu. Nilikuwa na kilo 148.

Sukari ilipanda, magoti yakagoma, pedali ya cherehani nakanyaga kwa taabu. Daktari mmoja akaniambia wazi: ukiendelea hivi, mguu utakatwa. Niliogopa, wakuu. Sitaficha.

Mdogo wangu aliye Canada akasikia kuna daktari mpasuaji mgeni anakuja hospitali moja hapa mjini, anafanya operesheni ya kupunguza tumbo. Akasema, "Kaka, nenda. Mengine niachie mi."

Kwanza nikaenda Dzaleka, kambi ya wakimbizi, kumuaga mama. Ee Mungu wangu!

Mama njo alitutoa kwenye vita kwa miguu. Sisi batoto anatupa sombe, yaani kisamvu, yeye anakunywa maji. Akaniangalia weee, akasema:

"Tulikimbia njaa. Sasa we unaenda kujitafutia njaa kwa daktari?"

Akakataa kunibariki. Kwetu kwenda kwenye kisu bila baraka ya mama si kitu kidogo. Nilirudi Lilongwe nimenuna njia nzima.

Siku ya kuonana na daktari, nilifika na utepe wa kupimia shingoni. Kiburi ya fundi! Nikamwambia kwa English yangu ya sokoni: Doctor, nimekata nguo miaka ishirini. Mnene hakatiwi sawa na mwembamba. Nipime kwanza, halafu niachie marge.

Marge ni kile kitambaa tunachoficha ndani ya mshono, ili mteja akinenepa tufumue tumuongezee. Kwetu fundi asiyeacha marge ni mwizi wa vitambaa.

Alicheka mpaka akavua miwani.

"Fundi, hapa hatupimi kiuno," akasema. Akanionyesha mpira mrefu, unene wake karibu na kidole gumba.

Ukishalala usingizi wa dawa, ule mpira unapitishwa mdomoni, unashuka mpaka tumboni, unalazwa kwenye ukingo wa ndani. Halafu mashine inakata na kubana kwa pini kandokando yake. Kinachobaki ni bomba jembamba kama ndizi. Kile kipande kikubwa kinatolewa nje kabisa, hakirudi. Mtu wa kilo mia na wa kilo mia mbili, mpira karibu ni ule ule.

Nikauliza, sasa kwa nini usibane zaidi nikonde haraka?

Akasema ukibana sana chakula kinakwama, mgonjwa anatapika, na mshono unaweza kuvuja ukamuua. Ukilegeza sana, kilo zinarudi. Na kule chini kwenye mlango wa kutokea chakula, anaacha upana wa vidole viwili vitatu bila kugusa, ili mlango uendelee kufanya kazi.

"Marge utaiweka mwenyewe," akasema, "ukila ovyo. Tumbo likijazwa kila siku linatanuka."

Nikavua utepe shingoni, nikautia mfukoni. Fundi alikuwa amekutana na fundi.

Operesheni ilienda vizuri. Wiki mbili maji na supu iliyochujwa. Wiki ya tatu, uji mwepesi tu. Onyo lilikuwa moja: chakula kigumu kabla ya wakati, mshono unaweza kuachia.

Wiki hiyo hiyo mama akaingia kwangu, ametoka kambini. Amebeba fufu, sombe na samaki!

Sasa elewa, kwetu mgonjwa anaangaliwa kwa sahani. Akila, ataishi. Akikataa, bantu wanaanza kunong'ona. Mama ameweka tonge karibu na mdomo wangu. Nikila naweza kufa. Nikikataa, yeye anaona maiti.

Nikamwambia, "Mama, nipe ule uji. Nilishe we mwenyewe."

Akavuta kiti. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha sita nikainua mkono.

"Mama, nimeshiba."

Akabaki na kijiko hewani. Halafu akalia kwa sauti.

"Tangu tutoke Bukavu," akasema, "hiyo neno sijaisikia kwa mdomo wako."

Na ni kweli, wakuu. Njiani, kambini, hata nilipopata duka langu, nilikuwa nakula kama mtu atakayenyang'anywa sahani. Mama akaniwekea mkono kichwani, akaomba palepale, uji umepoa.

Leo nina kilo 91, sukari imetulia, miguu yote miwili iko. Nilichojifunza: muulize daktari maswali yote, hata ya kijinga, halafu mwachie kazi yake. Na njaa ya zamani haikatwi na mashine, hiyo utaishughulikia mwenyewe.

Wenye maswali ya operesheni leteni, nitajibu. Ila na mi nina swali kwenu: mara ya mwisho kumwambia mama yako umeshiba, na ikawa kweli, ilikuwa lini?