Bega la Shikuku

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tukiwa makurutu wa polisi, tulipokuwa tukijifunza kumkamata mtu anayekataa kukamatwa. Mwenzangu wa mazoezi alikuwa Shikuku, kijana wa Mayoni aliyekomaa kwa kukata miwa, kifua kipana kama mlango. Nilimkunja mkono nyuma, nikamlaza chini, nikamfunga pingu; akainuka, tukarudia, tukarudia tena. Ardhi ilikuwa ngumu, nasi tulikuwa tumeanza bila hata kunyoosha viungo.

Nikasikia bega lake likialika. Nikamnong'oneza, "Ndugu, nikuachilie?"

"Endelea bwana. Hapa wananiitanga simba."

Sikuendelea. Mwalimu wetu, Afande Nafula, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akatuona tumesimama.

"Niko sawa, afande," Shikuku akawahi kusema.

"Basi gusa kichwa chako kwa mkono huo."

Mkono ulifika kifuani, ukakataa. Jitu zima lile, machozi yakamlenga. Tulidhani atafokewa. Afande alimketisha, akamfungia mkono kwa sweta yake mwenyewe, ndipo akatugeukia.

"Nikiwa kama nyinyi niliumia mgongo nikanyamaza," alisema. "Kitinda mimba wangu sijawahi kumbeba mgongoni. Mwenzako akigonga chini kwa kiganja, mwachilie. Akinyamaza nawe unaona anaumia, mwachilie pia."

Shikuku alirudi kwao mkono ukining'inia shingoni, akihofu kwamba kazi imemponyoka. Afande alimtetea kwa wakubwa, naye Shikuku alipopona akamaliza mafunzo na kundi lililofuata. Akatumikia hadi kustaafu. Lakini bega halikurudi lilivyokuwa. Tukikutana Lubao siku ya soko, hunisalimia kwa mkono wa kushoto, nami sijazoea mpaka leo.

Sasa nawe umeitwa mafunzoni, na nimefurahi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hata kiungo kikifichwa maumivu, hulipiza. Nyoosha mwili kabla ya kuanza. Ukiumia, sema siku hiyohiyo, hata wakucheke. Kicheko hakivunji mfupa. Na yule utakayemkunja mkono, awe mwenzako uwanjani au mshukiwa barabarani, kumbuka naye ana bega.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, akulindie viungo vyako, na siku utakapovua sare hiyo uwe bado na nguvu za kubeba wajukuu.