Madlaina Kileleni

Tangu handaki la kupita chini ya mlima lifunguliwe, magari yaliihama barabara ya mlimani, ikabaki ya Madlaina na baiskeli yake. Kila siku, baada ya kukamua ng'ombe asubuhi, alipanda hadi kileleni, kisha akageuza awahi kukamua jioni. Miaka thelathini hajateremka upande wa pili, anakoishi dada yake.

Leo jirani yake Duri alimwambia, "Nenda ukamwone! Ng'ombe nitakukamulia. Kwani mimi sina mikono?"

Kileleni akasimama. Barabara ilikuwa tupu, mteremko mtupu hadi kwa dada, hakuna wa kumzuia. Akaikumbuka mikono ya Duri, mizito kama mawe.

Jioni Duri alishtuka zizini. "Umerudi? Una wazimu wewe!"

"Ondoka kwenye kigoda," alisema Madlaina. "Unawaumiza viwele."