Futi Kwenye Mlango wa Mama

Miaka ile ya tisini, pale kwenye barabara ya maduka mjini Arua, hatukuogopa bunduki. Bunduki tulizizoea. Tuliogopa futi, ile ya kupimia. Wahindi waliofukuzwa zamani walikuwa wanarudi kudai majengo yao, wengine wakituma mawakili, na kila jengo lililodaiwa lilipimwa kwanza. Ukimwona mtu anakunjua futi barabarani, unaanza kuhesabu milango mpaka kufika kwako.

Duka la vitambaa la mama lilikuwa katika mojawapo ya majengo ya Wahindi hao. Serikali ilimpa kabla ya vita, lakini karatasi yake ilipotea tulipokimbilia Sudan mwaka wa sabini na tisa. Tuliporudi tulikuta kuta tu, hata milango imebebwa. Mama akatia milango mipya, akapanga rafu, akauza na kunyamaza. Kila asubuhi alinionya: mtu asijue kwamba hatuna karatasi, wakijua tumekwisha. Alinionya miaka na miaka, mpaka hofu yake ikawa yangu.

Siku hiyo alikuwa amekwenda kilioni Koboko. Mimi binti yake, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikabaki dukani. Nikasikia chuma kinakwaruza ukuta nje. Kutoka hivi, namwona mwanamume mwenye kofia anapima mbele ya duka letu, hata salamu hana, anaandika kwenye daftari. Wallahi, nilijua tumekwisha.

Mwenye akili angemfukuza. Mimi nikamkalisha kwenye kiti cha mama, nikamwagizia chai na mandazi. Halafu mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamweleza kwamba karatasi ilipotea Sudan, kwamba hata ofisini jina letu halimo, kwamba mama ni mjane na duka ndilo shamba lake, atuhurumie. Yeye anatafuna tu, ananisikiliza. Alipomaliza akajipangusa midomo.

"Mama, mimi iko mutu ya rangi," akaniambia. "Nataka kuchora tangazo ya sabuni hapa kwa ukuta."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mpumbavu mimi, nilicheka! Nikawasimulia majirani kwamba nilimwogopa mchoraji wa matangazo, wakanitania kutwa nzima. Mama sikumwambia.

Mwezi haukuisha, yule mchoraji akarudi na tajiri mmoja wa nguo. Tajiri alikuwa ameshamtafuta Mhindi mwenye jengo huko Kampala na kulinunua kimya kimya, kwa sababu alijua kwamba aliyemo ndani hana karatasi ya kumpinga. Akampa mama barua ya kuhama. Mama akamuuliza taratibu habari ile aliipata wapi. Mchoraji hakuona hata haya. Akaninyooshea kidole.

Mdomo uliponza kichwa, na hapa kichwa kilikuwa cha mama yangu. Nilimjua mama, mkono wake ulikuwa mwepesi, hakujali kama umezaa au hujazaa. Nikafumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, alikuwa bado ananitazama.

"Hii woga si yako," akasema. "Mimi ndio nilikulisha, tangu wewe iko mtoto."

Kisha akapanda juu ya kiti, akaanza kushusha vitambaa. Nikasimama chini yake, nikavipokea kimoja kimoja.