Utando wa Waridi Bafuni kwa Mama Hadija

Siku yangu ya kwanza kazini, bosi wangu, tuliyemwita Shefu, alinikabidhi msumari. Nilikuwa nimemaliza biolojia chuo kikuu Bujumbura, nimekaa nyumbani Rumonge mwaka mzima bila kazi, na sasa nilikuwa nimesimama katika karakana ya fundi bomba karibu na soko, nimevaa viatu visivyofaa.

"Lisansiye," akaniita, yaani mwenye shahada, na jina hilo likanishika miaka yote mitatu, "bafu ikiwa na rangi, usiulize kitabu. Gusa na kidole, kisha kwaruza."

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yake. Doa la chuma, linaloachwa na maji yenye madini, lina rangi ya chungwa na linakwaruza kama mchanga. Dawa yake ni limau au siki. Rangi ya kijani inayoelekea buluu inatoka kwenye bomba la shaba. Nyeusi kwenye pembe ni kuvu, nayo inataka javeli, ile dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe.

"Lakini limau na javeli haikutane hata siku moja."

"Kwa nini, Shefu?"

"Kwa sababu nilikohoa siku mbili."

Sikuridhika. Nilikwenda kusoma, nikakuta kwamba vikichanganyika hutoa hewa ya sumu. Shefu alikuwa sahihi bila kujua sababu, na jambo hilo lilinikera kwa wiki nzima.

Kisha akanipeleka Nyanza-Lac, kwenye nyumba ya wageni iliyotumia maji ya kisima. Huko kila kitu kilikuwa na rangi ya chungwa: masinki, vigae, hata mashuka. Kwa miezi minne sikuona doa lingine ila la chuma. Niliporudi Rumonge nilijiona bingwa, na Shefu akanituma peke yangu kwa Mama Hadija, muuza vitenge.

Ukuta wa bafu lake ulikuwa na utando wa rangi ya waridi, kuanzia kwenye bomba hadi sakafuni. Nilisimama mlangoni nikasema, "Chuma." Nikakamua limau, na Espérance, mama aliyefanya kazi za nyumba hapo kwa miaka sita, akasugua. Utando ukatoka kirahisi mno; doa la chuma halitoki hivyo. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka.

Baada ya siku nne ulirudi. Mama Hadija alikuja karakanani mwenyewe.

"Wewe ulisema ni chuma, na ukatoa. Sasa imerudi. Basi iko mutu mumoja hasugue, na ninamujua. Ijumaa arudi kwao Bugarama."

Espérance alikuwa amepanga chumba Rumonge ili binti yake amalize shule. Kurudi Bugarama kulikuwa na maana ya kumtoa binti darasani katikati ya mwaka. Mama Hadija alipoondoka, Shefu alinigeukia.

"Uligusa?"

"Niliona, Shefu."

"Nilikupa macho ao nilikupa musumari?"

Nilirudi siku hiyohiyo, Jumatatu. Nikapitisha kidole ukutani: uliteleza kama mlenda. Madini hayatelezi. Kile kilikuwa kitu hai, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huja na hewa na kula mabaki ya sabuni. Na nyumba ile ilioga kwa sabuni ya mawese, inayoacha mafuta ukutani. Sawa. Lakini mtaa mzima unaoga kwa sabuni hiyo. Kwa nini hapa tu?

Ni Espérance aliyeuliza swali zuri kuliko langu. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, hanitazami.

"Kwangu tunaoga mara moja kwa siku, na bafu yenyewe ni mabati. Haiko ile rangi. Hapa wanajiosha kutwa. Sasa muchafu ni nani?"

Nikahesabu. Watu saba, sala tano, na wote wakitawadha bafuni kwa kuwa uani hapakuwa na bomba. Mlango ulifungwa daima kwa ajili ya staha. Ukuta ule haukupata hata saa moja ya kukauka.

Sikutaka kutamka tena kutoka mlangoni. Nikachora miraba mitatu ukutani kwa penseli. Wa kwanza tuliusugua kwa limau. Wa pili na wa tatu tuliisugua kwa sabuni, tukaisuuza, tukaipaka javeli iliyopunguzwa kwa maji, na baada ya dakika kumi tukaisuuza tena. Mraba wa tatu peke yake Espérance aliukausha kwa kitambaa kila mtu alipotoka. Alhamisi, wa limau ulikuwa wa waridi tena. Wa pili ulikuwa unaanza. Wa tatu ulikuwa mweupe.

Nilimwita Mama Hadija, nikamwambia nilikosea, kwamba Espérance alisugua vizuri tangu mwanzo.

Alipitisha kidole kwenye miraba, mmoja baada ya mwingine. "Kumbe tunaoga sana?"

"Maji hayapati nafasi ya kukauka, Mama."

Akacheka, akaagiza bomba la kutawadhia liwekwe uani, penye jua. Espérance akabaki. Kumwomba radhi, Mama Hadija hakumwomba.

Nimestaafu ufundi nikiwa na miaka ishirini na tisa, mgongo ukiwa bado mzima. Sasa nafundisha biolojia. Wanafunzi hufikiri kwamba kazi hiyo ilinifundisha kuuliza maswali. Hapana, maswali nilikwenda nayo; nililorudi nalo ni moja tu, na si langu. Alhamisi ile, nikifungasha vyombo, Espérance alinifuata hadi getini.

"Murakoze," akasema, akinishukuru kwa Kirundi. "Lakini niambie, Lisansiye. Ulisema chuma, wakanifukuza. Ukasema vidudu, wakaniacha. Mimi nilisema nimesugua. Mbona hakuna mutu aliandika hiyo ku ukuta?"

Nilikuwa na penseli mkononi.