Nyumba ya Matairi na Kwaya ya Saa Tisa

Juma lililopita nilikwenda kwetu Makandana, kule Tukuyu, kumfungia mama dishi jipya. Nasema nilikwenda kulifunga, ingawa kazi yangu ilikuwa kushika mwavuli tu. Fundi alipanda ngazi, akaelekeza simu yake angani, akakaza nati nne, na kabla chai haijachemka picha ilikuwa imetulia kwenye kioo, safi, bila chenga hata moja. Mama akamshukuru. Mimi nilipandwa na hasira ambayo fundi yule hakuistahili, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mpaka ikapoa. Kaa nikusimulie hasira hiyo ilikotoka, maana ni ya zamani kuliko fundi mwenyewe.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja tulikuwa na nyumba ya matairi. Ndivyo tulivyoiita. Wajenzi wa barabara waliokuwa wamepiga kambi upande wa Kiwira walipomaliza kazi, walimwachia baba, aliyekuwa mtunza stoo wao, karavani moja la bati jeupe walimokuwa wakilala mainjinia. Lilivutwa na trekta hadi kwetu, likapenyezwa kwa shida kati ya migomba, likaegeshwa uani, baina ya nyumba yetu na nyumba ya babu. Ndani mlikuwa na kitanda kilichokunjwa kikawa benchi, kijidirisha kila upande, na harufu ya sabuni ya kigeni ambayo mvua zote za Tukuyu hazikuiondoa. Sisi watoto tulikatazwa kuingia na miguu ya matope, na kwa kuwa kwetu matope hayaishi, ni kama tulikatazwa kuingia kabisa. Tuliketi kizingitini pa jiko la mama tukimenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu, tukilitazama.

Baba alilipenda kuliko nyumba ya matofali aliyoijenga mwenyewe. Ndiyo maana, aliponunua televisheni na dishi, hakutaka kusikia habari ya kuviweka pengine. Fundi aliyetoka Mbeya alimshauri vizuri. Alimwambia achimbe shimo, asimike nguzo ya chuma kwa zege, dishi likae ardhini lisitikisike.

"Nyumba hii inatembea, fundi," baba akamjibu. "Siku nikiihamisha, dishi nitaliacha linalinda migomba?"

"Mzee, hii nyumba imekaa juu ya matairi. Mtu akipiga chafya humo ndani, dishi linahama."

"Basi hatutapiga chafya."

Dishi likafungwa juu ya paa. Fundi aliomba walau matairi yatolewe na karavani likalie mawe. Baba akasema nyumba ya matairi bila matairi ni kopo. Kazi ilichukua siku nzima, mvua ikinyesha ile ya kwetu isiyo na haraka. Babu, aliyekuja kuangalia, aliingia kujikinga, akakaa mwisho wa benchi na fimbo yake kati ya magoti, akawa anatoa taarifa kwa sauti: "Chenga. Chenga. Chenga tupu. Kumbe mmenunua mvua nyingine!" Mpaka alipotamka asante yetu ya Kinyakyusa, "Ndaga! Ninamwona mtu," fundi akakaza nati, akafunga vifaa vyake, akaondoka kuwahi gari.

Jioni babu aliinuka kwenda kula, na picha ikapotea. Alirudi baada ya kula, ikarudi. Ilituchukua siku tatu kukubali jambo hilo la aibu: dishi lilikuwa limetegwa kwa uzito wa babu. Yeye akiketi mwisho wa benchi, karavani linalala kidogo upande wake na picha inakuwepo. Akiondoka, au mtu mzima mwingine akiingia, tunabaki na chenga. Fundi alitumiwa ujumbe na hakurudi. Baba hakukubali kwamba amekosea. Alisema tu kwamba mambo yamekaa kwa heshima, kwa kuwa mzee ndiye anayepaswa kuwa mbele ya televisheni. Majirani wakazoea kutazama kupitia madirishani, wamejifunika mifuko ya mbolea, wakimtania babu: "Mzee, punguza ndizi, utatupeleka stesheni nyingine!"

Mtu mmoja hakusogea hata dirishani, naye ni mama.

Ukiwa umekulia kwetu unajua sababu. Kwa wengine nieleze: katika desturi ya Kinyakyusa, mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, halali naye chini ya paa moja, haingii alipo. Wakikaribiana njiani, mwanamke huchepuka migombani, akainama na kuvuta kanga usoni hadi mzee apite. Wazazi wangu walikuwa wa kanisani kila Jumapili, lakini hilo halikuwa limebadilika. Mama na babu waliishi ua mmoja miaka kumi na miwili bila kutazamana, na walizungumza kupitia kwangu. "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Mama yuko hatua nne, amesikia vizuri, lakini anangoja nimwambie ndipo ajibu: "Mwambie babu, samahani sana, kesho nitaangalia." Nami narudia. Nilidhani watoto wote wana kazi hiyo.

Kwa hiyo mama alikuwa hajaiona televisheni iliyo uani kwake. Aliomba mara moja kebo ivutwe hadi chumbani. Baba akasema kebo haifiki. Hakuomba tena, hadi ilipokuja barua.

Iliandikwa na mama mdogo, aliyekuwa Dar es Salaam. Aliondoka kwao, kule Kyela, mwaka niliozaliwa, na mama hakuwa amemwona tangu hapo. Hatukuwa hata na picha yake. Aliandika kwamba kwaya yao ingeonyeshwa kwenye televisheni Jumapili ya pili, saa tisa alasiri, wimbo mmoja. Mama aliisoma barua ile akiwa amesimama, kisha akaisoma ameketi. Usiku ule alimwambia baba jambo ambalo sikuwahi kusikia akilisema: "Hii nitaiona."

Baba alitafuta njia wiki nzima. Alijaza gunia mchanga ulingane na babu, akaliweka kwenye benchi, picha ikaja nusu, nyuso zimevutwa kama tui kwenye chujio. Akapunguza, akaongeza. Jumamosi gunia likapasuka. Sasa ninajiuliza kwa nini hakupanda juu na funguo ya nati akalegeza kiburi chake robo inchi. Hakupanda.

Jumapili, babu alikaa mahali pake, majirani madirishani, baba amesimama kando ya mlango. Mama alikuwa nyuma ya karavani, kanga mpya kichwani, mgongo kwenye bati. Mimi nilikuwa ngazini katikati yao. Saa tisa ikafika, kwaya ikatokea: wanawake safu mbili, magauni ya buluu. Nilisikia mama akivuta pumzi ukutani.

Babu akakohoa. "Mwambie mama yako aingie. Nitajifunika blanketi, sitaona kitu."

Nikakimbia nyuma. "Mwambie babu, ndaga fijo, lakini siwezi kumtaabisha."

Nikarudi. "Mwambie si taabu. Yule ni ndugu yake."

Nikakimbia tena. "Mwambie babu, Mungu ambariki. Muulize kama kweli ameridhia."

"Mwambie nimeridhia. Mwambie blanketi liko kichwani tayari!"

Kila nilipopita mlangoni nilikiona kioo, na kila mara ubeti ulikuwa umesonga. Sikuthubutu kukata hata neno moja la adabu zao, ndivyo nilivyolelewa. Mama akaja hatimaye, ameinama, akakanyaga ngazi. Karavani likalala. Chenga.

"Kaa kwenye chuma cha mbele!" jirani mmoja akampigia baba kelele. Baba akakimbilia kile chuma cha kuvutia, akakikalia. Karavani likainuka, likapitiliza. "Rudi nyuma kidogo! Siyo huko, mzee, huku!" Mama alisimama katikati, mkono mdomoni, babu akiwa kilima cha blanketi kwenye benchi, na sauti ya kwaya ikija na kupotea. Kisha picha ikatulia. Kwaya ilikuwa imemaliza. Waimbaji wote walikuwa wameinamisha vichwa, na mama aliona vitambaa vya buluu vya kichwani, safu mbili, kisha wakatolewa, likaja tangazo la sabuni.

Alitoka bila kuharakisha, akanishika mkono hadi jikoni. "Wewe uliwaona. Alikuwa yupi?"

Fikiria swali hilo. Niliwaona wote usoni, na sikuwa namjua. Aliyemjua hakumwona. Nikasema, "Wa tatu kutoka kushoto, Mama. Alikuwa anacheka."

"Anacheka?"

"Ndiyo."

Akakaa juu ya kigoda. "Basi mambo yake yako vizuri," akasema, akaanza kupepeta mchele.

Mama mdogo aliugua na kufariki kabla hajapata likizo ya kuja kututembelea. Kule msibani, Kyela, mama aliwaambia ndugu waliolia kwamba yeye alijua dada yao hakuondoka kwa huzuni, kwa maana binti yake alimwona kwenye televisheni akicheka. Wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa.

Karavani liliuzwa kwa chuma chakavu. Baba na babu wamelala makaburini, na wake wa kaka zangu hukaa kochi moja na wazee wa ukoo waliobaki, wakipokezana rimoti. Hakuna anayechepuka migombani, na sidai mtu achepuke. Lakini kwa uso ule ambao mama hakuuona, sina tena wa kumkasirikia. Siku ile, fundi alipoondoka, mama aliniomba nimwelezee tena yule wa tatu kutoka kushoto. Nikamwelezea, na safari hii nikamwongezea vishimo mashavuni.