Kisiwa Kilichokuwa Ukutani

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mwalimu, basi, ingawa ilikuwa inakaribia miaka tisa tangu aweke chaki chini. Alifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, na watu wazima wenye vitambi vyao walikuwa bado wakimwona kwa mbali wanatoa mikono mifukoni. Nyumba yake ilifanana naye: mapazia yamepigwa pasi, viatu mlangoni vinatazama upande mmoja, na kwenye ukuta wa sebule, juu ya kabati la vitabu, picha moja tu.

Katika picha hiyo marehemu mumewe, karani wa posta, amesimama wima ndani ya suti yake pekee, amempakata mtoto wao wa miezi minane. Yeye mwenyewe yuko kando, mkoba begani, anatabasamu kama mtu aliyekatazwa kucheka. Nyuma yao kuna bahari ya buluu, miti mitatu iliyoinama, na kisiwa chenye kilima cha nundu mbili.

Kila mgeni aliyekaa kwenye kiti kinachoelekea picha hiyo aliinua macho akasema, "Kumbe mlishafika visiwani!" Na kwa miaka thelathini na mitatu Mwalimu alijibu yale yale: "Tulikuwa bado vijana." Jibu lenyewe lilikuwa kweli tupu. Tatizo ni kwamba halikuwa jibu la swali lile.

Jumamosi moja alasiri, kiangazi kimekolea na madirisha yote yako wazi, mwanawe alitandaza vipeperushi vya kampuni ya boti juu ya meza ya chakula, pamoja na rula na penseli tatu zilizochongwa. Kijana huyu alikuwa mpanga ratiba katika kampuni ya mabasi, na wenzake kazini walimwita Ratiba. Basi likichelewa dakika tatu, chakula kilimkwama kooni hata kama yuko nyumbani.

"Siku saba, visiwa vitano," alitangaza. "Nimeshapanga. Saa mbili na robo, boti. Saa tatu na dakika kumi, Meneja analala. Saa nne kamili Meneja anaamka, anakula ndizi..."

"Meneja mwenyewe umemwonyesha?" aliuliza mkewe, bila kuinua kichwa kutoka kwenye shati alilokuwa akilitia vifungo. Alikuwa fundi cherehani, na mikono yake haikujua kukaa bure.

"Bado."

"Basi hajasaini."

Meneja alikuwa mtoto wao, ambaye siku ya safari angekuwa na miezi minane kasoro siku mbili. Walimpa cheo hicho kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyekula, aliyeoga wala aliyelala bila idhini yake. Wakati huo alikuwa amekaa mapajani kwa bibi yake, ameshatafuna nusu ya kipeperushi kimoja.

"Mume wangu," Mwalimu alimwambia, akikichomoa kinywani kwa ustaarabu, "kisiwa hicho kina ladha gani?"

Meneja alitema kipande cha gati.

"Tuanze na Kisiwa Kikubwa," Ratiba aliendelea. "Dakika arobaini tu, kina hospitali na barabara ya lami. Kesho yake Kisiwa cha Mnara. Pale gatini kuna ngazi kidogo."

"Ngapi?"

"Sabini na mbili."

Sindano ilisimama. "Sabini na mbili, na kigari cha mtoto?"

"Nitambeba mtoto."

"Na begi la nepi? Na beseni lake? Na chupa za maji ya kuchemsha? Na mimi?"

"Wewe si una miguu?"

"Ahsante, bwana. Nilikuwa nimesahau." Akaivuta sindano kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. "Nina likizo ya siku saba, ya kwanza tangu nijifungue. Nataka kulala chini ya mti mmoja mpaka ule mti unizoee. Wewe unataka kunipandisha boti tano."

"Si kwa ajili yangu." Ratiba aligeuka akaitazama picha ukutani. "Mama, kile ni kisiwa gani?"

Swali lilikuja wazi kama lile la mtihani, na Mwalimu, ambaye hakuwahi kuingia darasani bila majibu, alilijibu kwa swali.

"Kwani unataka nini nacho?"

"Nataka kusimama pale pale aliposimama baba. Mtoto mikononi, miezi minane, kama nilivyokuwa mimi. Nimeshawaambia ofisi nzima. Nitaweka picha mbili ubaoni, ya baba na yangu."

"Ni zamani, mwanangu. Jina limenitoka."

"Wewe? Unayekumbuka mito ya dunia nzima mpaka na vijito vyake?" Alicheka. "Usijali. Visiwa vyenye vilima ni vitano, ndiyo maana nimeviweka vyote. Tukivipita vyote hatuwezi kukikosa. Au Jumatatu nitaichukua picha niipeleke kwenye ofisi ya boti. Kuna nahodha pale alianza kazi kabla sijazaliwa. Ataitambua kwa kuitupia jicho tu."

Mwalimu alianza kuvikusanya vipeperushi, ingawa hakuna aliyemwomba.

Kisiwa kile hakikuwa baharini. Kilichorwa juu ya kitambaa na kutundikwa katika studio ya picha, upande wa pili wa mji, juu ya duka la baiskeli.

Kiangazi cha mwaka ule wa picha, safari ilikuwa imepangwa kweli. Mumewe alipata likizo, na yeye akawaaga walimu wenzake mmoja mmoja. Alimuaga hata jirani wa mkabala, mama wa duka la dawa, ambaye mdomo wake haukuwahi kujua kufuli. Siku mbili kabla ya kuondoka, karani aliyefanya kazi na mumewe alivunjika mguu, na likizo ikafutwa. Mumewe alirudi nyumbani uso umemshuka. "Tutakwenda mwakani," alisema. Mume alikuwa tayari kulimeza hilo. Mwalimu ndiye hakulimeza. Ataanzaje kuwaambia watu, baada ya kuwaaga kwa mbwembwe zote zile? Akakata shauri wahamie kwa dada yake kwa wiki nzima, karani awe anakwenda posta akitokea huko, mpaka siku za likizo ziishe. Na jioni moja kabla jua halijazama, mumewe, katika kumpoza, alimwambia, "Twende basi nikupeleke hata kwenye kisiwa cha kitambaa." Walicheka mpaka mpiga picha akawaomba watulie.

Ulikuwa utani wa watu wawili. Lakini mgeni wa kwanza aliyeiona picha alikuwa mama wa duka la dawa, na swali lilipoulizwa, aliyejibu ni Mwalimu. Mumewe alimkonyeza tu. Mwakani wakawa na shughuli, na mwaka uliofuata vilevile, mpaka miaka kumi na miwili iliyopita karani alipofariki, na picha ikapandishwa juu ya kabati ikawa kumbukumbu ya familia. Sasa atasemaje? Mwalimu aliyewahi kumrudisha mtoto darasa kwa kunakili mtihani? Na baba wa watu, aliyelala kaburini na jina lake safi, aitwe mwongo katika ofisi ya mabasi?

Jumapili asubuhi, Ratiba na mkewe walipotoka na Meneja kununua matunda, Mwalimu alipanda kwenye kigoda akaishusha picha. Alizunguka nayo nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kabatini itaonekana. Jikoni itapata mafuta. Mwisho akainua godoro dogo la Meneja, akaisukuma chini yake, akatandika shuka vizuri, kisha akaketi sebuleni na gazeti akalisoma, ingawa lilikuwa la juzi na alishalimaliza.

Haikupita saa moja tangu warudi na Meneja alazwe. Mkamwana wake aliingia, akaufunga mlango nyuma yake taratibu, ameikumbatia picha kifuani.

"Mama," alisema, "Meneja analalia baba mkwe."

Mwalimu alilikunja gazeti mara nne.

"Aliloa, nikaenda kubadilisha shuka." Akaketi karibu yake, akaiweka picha magotini. "Mama, usihangaike. Mimi najua."

"Unajua nini?"

Fundi aliweka kidole juu ya bahari, sentimita chache kutoka kwenye bega la Mwalimu wa zamani zile. "Huu hapa mshono. Ameunga vipande viwili vya turubai, kwa mkono, na kwa haraka. Uzi umekaza huku, ndiyo maana mawimbi yanapanda juu kidogo. Na hapa chini, karibu na kiatu cha baba, pindo limefumuka."

Mwalimu alivaa miwani. Miaka thelathini na mitatu alikuwa akiifuta vumbi picha ile, na hakuwahi kuona mshono.

"Umeuona lini?"

"Siku ya kwanza nilipoletwa kutambulishwa. Mlinikalisha kwenye kile kiti cha mbele. Niliogopa kuwatazama usoni, nikawa naitazama picha."

"Miaka minne! Na hukumwambia mumeo?"

"Ningemwambiaje? Picha ni yako, si yangu." Alitabasamu kidogo. "Ukitaka, Mama, nitasema nimeimwagia chai. Ikaharibika, nikaitupa. Atanikasirikia siku mbili, yataisha. Jina la baba halitaguswa."

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayejitolea kuosha vyombo. Na wepesi huo ndio uliomchoma Mwalimu. Siku zote alijiona mlinzi wa heshima ya nyumba ile peke yake, bunduki begani, kumbe zamu walikuwa wakishika wawili. Na sasa binti wa watu, aliyeletwa kwake akiwa mkweli, alikuwa tayari kumdanganya mume wake kwa ajili ya kitambaa. Uongo wa Mwalimu ulikuwa unatafuta mrithi.

"Chai yetu tutainywa," alisema, akasimama. "Mwite mwenzako."

Ratiba alikuja na penseli sikioni. Mama yake hakuketi. Alizungumza kama alivyokuwa akizungumza mbele ya gwaride la shule, nyuma yake ukutani pamebaki doa jeupe la mraba, na hakuruka hata kipande kimoja: mguu uliovunjika, dada yake, studio juu ya duka la baiskeli. "Na sikia vizuri," alimalizia. "Baba yako hakumdanganya mtu. Yeye alitania. Aliyefanya utani kuwa ukweli ni mimi, kwa kuogopa midomo ya watu."

Ratiba aliichukua picha, akaisogeza karibu na dirisha.

"Kwa hiyo baba hakuwahi kufika."

"Hakuwahi. Alitaka sana."

"Na mimi nimewaambia watu maisha yangu yote kwamba nilivuka bahari nikiwa na miezi minane, na sikulia hata kidogo!"

"Ulilia," Mwalimu alisema. "Mpiga picha alikupa kengele ya baiskeli."

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa heshima ya mama mkwe, akashindwa, na Ratiba naye, mabega yakaanza kumtikisika. Walicheka mpaka Meneja akaamka na kupiga kelele akitaka kujulishwa.

Walipotulia, Ratiba alikwenda mezani, akaivuta ratiba yake. Aliitazama kama mtu anayeaga. Kisha akachukua penseli na rula, akakata mstari mnyoofu juu ya Kisiwa cha Mnara na ngazi zake zote, kisha juu ya kisiwa kisicho na maji ya bomba, kisha juu ya kile cha mbali cha saa tano za mawimbi.

"Katika vitano nilikuwa natafuta kimoja," alisema. "Kama hakipo, tunakimbilia nini?"

Vikabaki viwili. Kisiwa Kikubwa chenye hospitali, na kile kidogo kilicho jirani yake, robo saa kwa boti, ambacho kipeperushi kilisema kina ufukwe wa maji ya magotini na miti mingi.

"Siku tano hapa, mbili pale," Ratiba alisema. "Au siku zote saba hapa, tukichoka."

"Na saa za Meneja kulala?" mkewe aliuliza.

Ratiba aliweka rula chini. "Atalala akisikia usingizi," alisema, na ilionekana wazi kwamba maneno hayo yamemgharimu.

"Na bibi yake?"

Wote wawili walimgeukia Mwalimu. Walikuwa wamemwomba mara tatu mwezi ule, na mara zote tatu alikataa, akidai kwamba yeye kule alishakuona.

"Nitahitaji kofia," alisema.

Asubuhi ya safari, mama wa duka la dawa alikuwa anafungua milango yake walipotoka na mabegi. Alishika kiuno.

"Mwalimu! Unarudi tena visiwani? Wewe sasa si mgeni ni mwenyeji!"

Ratiba aliinama kufunga kigari ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. Mkewe aliangalia barabara. Mwalimu alimpandisha mjukuu wake kiunoni vizuri, kidevu juu.

"Sirudi, jirani. Ndiyo kwanza nakwenda."

"He! Na ile picha ya sebuleni?"

"Ile ni kitambaa kilichochorwa. Uje uitazame vizuri nikirudi, kina mshono katikati ya bahari."

Mama wa duka la dawa, kwa mara ya kwanza kadiri mtaa ule ulivyokumbuka, alikosa neno. Alitafuta, akapata moja dogo. "Basi leo nani anakupeleka?"

"Mume wangu," Mwalimu alisema, na kumwinua Meneja juu ili aonekane, naye akachukua nafasi hiyo kumvua bibi yake kofia mpya na kuitupa barabarani.

"Dakika nne!" Ratiba alipiga kelele, akiikimbilia. "Tumeshachelewa dakika nne!"

"Boti itangoja," mkewe alisema. "Na kama haitangoja, kuna nyingine saa nne."