Korosho Zilizovunjika Barazani kwa Mama Neema

Enzi zetu, sisi tuliokulia Chikongola hapa Mtwara mjini, televisheni haikuwa ya mtu mmoja. Mama Neema ndiye aliyeinunua, lakini mtaa mzima ndio ulioitazama. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa bandarini, nao walikuwa watu waliohamia kwetu kutoka Kilimanjaro, na siku wanashusha mizigo tuliona lile sanduku likibebwa kwa adabu kama bibi harusi. Kuanzia wiki ile hakuna mtoto aliyetafutwa alasiri. Mama zetu nao hawakutafutwa.

Alasiri ndiyo ilikuwa saa ya tamthilia. Siku hizi binti yangu anameza wiki nzima ya tamthilia kwa mkupuo, amelala chali, simu kifuani, vijiti vya muziki masikioni, analia peke yake na kucheka peke yake. Nikimuuliza kimetokea nini ananijibu, "Mama, utaangalia mwenyewe." Sisi tulipewa kipande kimoja kwa siku, nacho kilikatwa palepale panaponoga, mtaa mzima ukalala na swali moja. Waandishi wa tamthilia zile walijua kututesa. Mtu alikuwa anaweza kushika kitasa cha mlango Jumatatu akaingia ndani Alhamisi, na hakuna aliyelalamika.

Mama zetu hawakuwa watu wa kukaa bure. Msimu wa korosho kila mmoja alikuja na jiwe lake, kirungu chake na korosho zilizokwisha kukaangwa, akazibangua huku anatazama. Mafuta ya maganda yale yanachubua ngozi na kuharibu sakafu, kwa hiyo Mama Neema aliigeuza televisheni ikatazama nje dirishani, na akina mama wakatandika mikeka barazani, mikono imepakwa majivu. Nikifumba macho hata leo naisikia ile harufu ya moshi wa korosho, na ko, ko, ko ya virungu.

Sisi watoto tulikuwa na sheria yetu. Korosho nzima ni ya kuuza, usiiguse. Iliyovunjika ni ya mtoto aliye karibu. Basi tulimwomba Mungu mambo yawe mabaya kwenye tamthilia. Mama mkwe mwenye roho mbaya akitokea, virungu vilishuka kwa hasira, ko, ko, pwaa, na sisi tukavuna. Ukipita sokoni jioni ukakuta vipande vingi kwenye sinia ya mama yangu, ulijua siku ile tamthilia ilikuwa kali.

Mtu mmoja tu hatukukaa karibu naye. Bi Somoe, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, hakuwahi kuvunja korosho. Wengine wanalia kamasi zinawatoka, yeye anagonga taratibu, inatoka nzima, nyeupe, anaiweka kwenye ungo. Mtoto aliyechelewa kufika ndiye aliyeangukia upande wake, akashinda njaa.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, na barazani Kiingereza alikuwa nacho Mama Neema pekee. Yeye ndiye aliyetutafsiria. Yule dada mhusika mkuu alikuwa na jina refu la kigeni, akina mama wakamwita Salima. Bwana aliyempenda kisha akamtelekeza wakamwita Kidevu, kwa sababu alikuwa nacho. Mimi nilikuwa darasa la tano na nilianza kutilia shaka mambo fulani. Salima alikuwa anaweza kusema neno moja, halafu Mama Neema akazungumza mpaka tangazo la sabuni: "Anasema yeye hakuokotwa jalalani, ana kwao, na kama huyu bwana anadhani atarudi akute sufuria jikoni inamsubiri, basi amepotea njia." Akina mama wakaitikia, "Mwambie!" Nilipomnong'oneza mama kwamba Salima kasema neno moja tu, alinifinya. "Kiingereza ni lugha ya mkato," akaniambia. "Nyamaza."

Sasa, mwaka ule Kidevu alirudi kumwomba Salima msamaha. Na wiki ileile, kama walioandika tamthilia walikuwa wanatuchungulia, mume wa Bi Somoe naye akarudi. Shaibu alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kufanya biashara ya miezi michache, akakaa miaka bila salamu. Akarudi na vitenge na meno machache, akafikia kwa dada yake nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kaka yake Bi Somoe akaja kuuliza: anarudiana naye, au anataka talaka yake? Tuliokuwa uani tulimsikia mwenyewe akijibu.

"Kaka, nitakujibu tamthilia ikiisha."

Kaka alicheka. Bi Somoe hakucheka. Nilimwona mama yangu akiacha kupepeta mchele.

Kuanzia hapo baraza liligawanyika. Mama yangu alikuwa upande wa msamaha. Wengine walisema Salima akimrudia Kidevu watavunja kioo. Na kwa kuwa wote walikwisha kuelewa, ingawa hakuna aliyesema, kwamba maneno ya Salima yanapikwa hapahapa, Mama Neema akaanza kupata zawadi. Leo pweza kutoka upande wa msamaha, kesho mhogo na nazi kutoka upande wa talaka. Maskini, mwanamke wa watu alikuja Mtwara hajawahi kumwona pweza, sasa anampika mara mbili kwa wiki. Lakini hakufurahi. Nilimsikia akimwambia mama jikoni, "Mama Fatu, mimi nilitaka kuwachangamsha tu. Sasa ndoa ya mtu iko mdomoni mwangu. Naogopa." Tafsiri zake zikawa fupi. Salima akisema maneno mengi, yeye anasema, "Anafikiria."

Siku ya mwisho ikafika. Baraza lilijaa hadi uani, hata Shaibu alisimama kwa mbali, anajifanya anatazama paa la dada yake. Kidevu akapiga magoti mvuani. Salima akamtazama, akamtazama, muziki ukapanda, akafungua mdomo. Umeme ukakatika.

Mtwara ile ilikuwa ya jenereta, na tulijua likizima limezima. Hakuna aliyeondoka. Macho yote yakamgeukia Mama Neema. "Malizia basi," mtu akasema. Mama Neema akatikisa kichwa, machozi yanamlengalenga. "Hapana, mama zangu. Hii siwezi kuimalizia mimi."

Halafu nikasikia pwaa. Mimi ndiye niliyechelewa siku ile, nilikuwa upande wa Bi Somoe. Alikitazama kipande kiganjani kama hakijui, akanipa. Kisha akajipangusa majivu, akasimama, akaita kwa sauti isiyohitaji tafsiri:

"Shaibu. Njoo."

Akaja.

"Shika. Hili jiwe, hiki kirungu. Utakaa barazani kwangu, watu wakikuona, utabangua. Siku utakayonijazia ungo huu korosho nzima tupu, utaingia ndani. Kabla ya hapo, kalale kwa dada yako."

Jamani. Mwanaume kubangua korosho barazani, mchana kweupe, mtaa mzima unapita kumsalimia. Tulidhani atarudi Msumbiji kesho yake. Alikaa. Na alikuwa hajui kabisa. Kila alichogonga kilipasuka, vidole vikamchubuka, na sisi watoto tuliokuwa tunamkwepa Bi Somoe tukahamia barazani kwake mazima. Msimu ule tulishiba mpaka tukakataa chakula cha usiku nyumbani. Msimu ukaelekea mwisho, siku moja baraza lile likawa tupu, na ndani tukasikia kicheko cha Bi Somoe. Nilifurahi kwa ajili yake, lakini kusema kweli tumbo langu liliumia.

Mama Neema na mumewe walihamishwa baadaye, na mwisho wa tamthilia hatukuuona. Siku hizi gesi ya kuzalisha umeme inatoka hapo Madimba inakwenda mpaka Dar es Salaam, na nikipita pale huwaza: ingekuwepo enzi zile, umeme usingekatika, na Bi Somoe angefanya alichoambiwa na Salima.

Mwezi uliopita binti yangu aliipata tamthilia ile kwenye simu. Nikambeba yeye na simu yake hadi Mtawanya, anakoishi Bi Somoe sasa. Ni bibi, Shaibu alishatangulia mbele ya haki, na korosho anabangua chache tu za kula nyumbani. Tuliiegemeza simu kwenye kinu, naye akabangua huku anatazama. Kidevu akapiga magoti, muziki ukapanda, Salima akafungua mdomo, akasema neno moja, wakakumbatiana. Majina yakaanza kupita.

"Hivyo tu?" akauliza Bi Somoe. "Hakumpa hata kazi ya siku moja?"

"Hivyo tu, bibi," akasema binti yangu.

"Aliyeandika hapa alichoka. Mama Neema angefanya vizuri zaidi."

Niliutazama ungo wake. Tangu mwanzo hadi mwisho zilikuwa nzima zote. Akaniona ninavyotazama, akachukua moja, akaivunja kwa makusudi, akanipa mimi nusu na binti yangu nusu.

"Kuleni," akasema. "Angekuwepo Shaibu mngepata nyingi."